Mpanda ngazi hushuka: kisa cha fundi wa Makorora na mteremko wa Mweka

Basi lilipoingia stendi ya Kange, hapa Tanga, Jumatatu ile jioni, abiria mmoja hakushuka kama wenzake. Aligeuza mgongo, akashika vyuma vya mlango kwa mikono miwili, akateremka kinyumenyume, kidato kwa kidato, kama mgema anayerudi kutoka juu ya mnazi na kibuyu kiunoni. Wapiga debe wakamcheka. "Mzee, nchi kavu hiyo, usiogope!" Shingoni alikuwa na medali. Mimi nilikuwa nimekwenda kumpokea, na kusema kweli nilicheka pia. Kicheko kilikatika siku tatu baadaye, nilipozisoma namba za saa yake.

Kikundini tunamwita Fundi, na hapa jina hilo linatosha. Ni seremala wa Makorora, wakati huo ana miaka 43, hutengeneza vitanda na makabati. Alianza kukimbia kwa sababu ya kitambi, kitambi kikaisha, mbio zikabaki. Mimi ni mwalimu mstaafu. Sijawahi kushinda chochote, ila nina saa ya kupimia na daftari, na watu wakizoea kukuona na daftari wanaanza kukuuliza ushauri. Ndivyo nilivyogeuka kocha.

Fundi alitaka kukimbia nusu marathoni ya Moshi, ile ya Mbio za Kilimanjaro, kwa saa 1 na dakika 52. Kwa hapa nyumbani alikuwa ameshakimbia umbali huohuo, kilomita 21.1, kwa saa 1 na dakika 46, kwa hiyo dakika sita za ziada tulizitenga kwa ajili ya mlima. Alimaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 49. Kuchelewa dakika nane si msiba. Kilichonifanya niandike kisa hiki ni namna alivyochelewa, na ile staili yake ya kuteremka basi.

Alivyojiandaa

Wiki 14, siku nne kwa wiki. Anaswali alfajiri, anavaa raba, na jua likichungulia baharini yupo Barabara ya Hospitali, ameshapita Bombo, anaelekea Raskazone, Kisiwa cha Toten kikiwa mkono wa kushoto. Jumanne vipande vya kasi, mita 800 mara sita. Alhamisi polepole. Jumamosi mbio ndefu kwenye barabara ya Pangani, kuanzia kilomita 12 mpaka 20. Yote hayo wakati wa kaskazi, ambapo saa kumi na mbili asubuhi fulana unaikamua kama tambara la kudekia.

Anayeijua Tanga anajua tatizo lingine: ni bapa. Hapa mwenye baiskeli hahitaji gia, na ndiyo maana mji mzima unaendesha baiskeli. Sasa huyu mtu anakwenda Moshi, ambako njia ya nusu marathoni inapanda kuelekea Mweka kisha inageuka kurudi chini. Nikawaza: mlima ni kupanda, na kupanda ni kusukuma. Nikamtafutia tairi kuukuu la bajaji. Maji yakipwa, Jumapili jioni, anajifunga kamba kiunoni na kulivuta mchangani, mita mia, anapumzika, mita mia tena. Watoto wa ufukweni walimpenda sana. Walikaa juu ya tairi bila kuombwa.

Zoezi lile lilimpa kigimbi cha chuma na pumzi ya kutosha. Usiku wa kuamkia mbio nikampigia simu, nikamwambia maneno ambayo yamo kwenye daftari langu kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Panda kwa adabu. Ukishageuka, jiachie. Mteremko ni wa bure."

Namba za saa

Kilomita kumi za kwanza alizimaliza kwa dakika 56 kamili, nyingi zikiwa za kupanda. Adabu tupu. Mapigo ya moyo yalifika 165 kwa dakika na hayakuvuka hapo. Ya 11 dakika 5:30. Kisha akageuka, akakumbuka maneno ya mwalimu wake, akajiachia: ya 12 kwa 4:41, ya 13 kwa 4:32, ya 14 kwa 4:38. Mapigo yakashuka hadi 149. Anasema alikuwa anapiga soga na kijana mmoja wa Arusha na alijihisi kama amepanda pikipiki.

Ya 15 ikawa 4:58. Ya 16, 5:35. Ya 17, 6:20. Ya 18, 7:05. Ya 19, 7:40, ambayo ni mwendo wa mtu anayewahi daladala, tena kwenye njia ambayo bado inateremka. Halafu ya 20 ikarudi 6:10 na ya 21 ikawa 6:05.

Siku ile ya Kange sikuwa na namba hizi. Nilikuwa na maelezo ya watu tu.

Baraza la kahawa

Ngamiani kuna baraza la kahawa ambapo kila mkimbiaji wa Tanga hufanyiwa uchunguzi wa maiti akiwa hai. Fundi aliletwa Jumanne, akakalishwa kwa kushikwa makwapa, kashata mkononi, na hukumu zikaanza kutolewa.

Wa kwanza alisema ni hewa ya juu. Hoja hii haifi. Ukiigusa, mtu atakutajia John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni, na Olimpiki ya Mexico ya 1968. Kwanza, Akhwari alianguka na kuumia goti, akamaliza na bandeji wa mwisho kati ya waliofika, na heshima yake imekaa hapo. Pili, mji wa Mexico uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini pako chini ya mita 1,000. Kimo hicho kinampunguzia mtu wa pwani kiasi kidogo, na kingempunguzia zaidi wakati wa kupanda, pumzi inapohitajika. Fundi alipanda vizuri. Kilichomshinda ni sehemu ambayo moyo wake ulikuwa umepumzika.

Wa pili alisema ni njaa. Hii nilikuwa tayari kuikubali, kwa sababu mafuta ya haraka ya mwili, yale yanayohifadhiwa kwenye misuli na ini, huanza kupungua sana baada ya saa moja na nusu hadi mbili za kazi ngumu. Lakini Fundi alikunywa uji na kula mkate saa kumi usiku, na kilomita ya kumi akatafuna tende nne. Mtu aliyeishiwa huona kizunguzungu, hukasirika bila sababu, na hulemewa kila mahali, tambarare na mteremko sawasawa. Fundi hakuwa hivyo. Aliniambia njaa ya kweli ilimshika baada ya kupewa medali, akala ndizi sita.

Wa tatu alilaumu basi: kilomita kama 350 umekunja magoti, Segera, Korogwe, Mombo, Same, mpaka Moshi, halafu kesho yake ukimbie? Kuna ukweli kidogo, ila miguu iliyokufa kwenye kiti ingelalamika kilomita ya kwanza, isingesubiri ya 16.

Wa nne alisema ni raba za mtumba. Wa tano, mzee mmoja ambaye husikiliza sana na kusema mara moja, aliweka kikombe chini na kusema ni jicho, kwani Fundi aliposti tiketi yake kabla ya safari. Kwa hili la tano sina kipimo.

Naongeza jambo dogo ambalo si dogo. Jioni ileile ya Kange Fundi aliniomba tupitie duka la dawa akanunue diklofenaki, dawa ya maumivu. Nilimkatalia mpaka anywe maji, ale, na kunieleza rangi ya mkojo wake. Dawa za kundi hilo zikikutana na mwili uliokauka maji na misuli iliyoharibika zinaweza kuziumiza figo. Na misuli ikiharibika kupita kiasi, mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi au soda ya kola. Hapo hakuna kocha wala baraza, ni hospitali usiku huohuo. Wa Fundi ulikuwa wa kawaida. Tulimpa maji, wali na samaki, na usingizi.

Kabati

Alhamisi nilikwenda karakana yake na simu, tukazifungua namba za saa pale juu ya meza ya randa. Kitu kilichonishika ni zile kilomita mbili za mwisho. Mtu aliyekwisha haongezi mwendo wa dakika moja na nusu kwa kilomita, hasa pale njia ilipoacha kumsaidia.

"Fundi, ya 20 ilikuwaje?"

"Mwalimu, pale njia ililala. Tena kuna mahali palipanda kidogo, nikawapita watu watatu. Waliokuwa wananipita wote ni kwenye kuteremka. Nikiteremka mapaja yananikatalia. Yakiona kamlima, yanakubali."

Nikakaa kimya. Yeye akaendelea kupiga msasa, na huku hajainua uso akasema: "Ni kama kushusha kabati."

"Kivipi?"

"Ukipandisha kabati ghorofa ya tatu unahema, lakini miguu iko imara. Ukilishusha huhemi, ila mapaja yanatetemeka kama umeme. Kesho yake anayeumwa ni yule aliyeshusha. Vijana wangu wanagombea kupandisha."

Ningeweza kuishia hapo, maana maelezo yote ya kitaalamu yamo ndani ya kabati lile. Lakini mimi ni mwalimu.

Unapopanda, msuli mkubwa wa mbele ya paja hufanya kazi huku ukifupika: unanyoosha goti, unausukuma mwili juu. Kazi hii inakula hewa, ndiyo maana moyo unapiga. Unapoteremka, kila mguu unapotua goti linataka kukunjika kwa uzito, na msuli uleule unalizuia lisikunjike ghafla. Hapo unabeba mzigo huku ukivutwa urefuke. Ni breki. Breki hii haili hewa nyingi. Kukimbia kwenye mteremko wa wastani ni rahisi kwa moyo kuliko kukimbia tambarare. Lakini kwa mzigo uleule msuli unaorefuka hutumia nyuzi chache zaidi, na hizo chache zinabeba yote. Zisizozoea huchanika kwa vijeraha vidogo sana visivyoonekana. Nguvu hupungua palepale, na ndizo zile dakika saba za kilomita ya 18. Maumivu yenyewe huja baadaye, hupanda kwa siku moja hadi tatu, na ndiyo ile ngazi ya basi Kange.

Kwa hiyo saa ilikuwa imemdanganya, na mimi nilikuwa nimemdanganya kabla ya saa. Mapigo 149 yalimwambia "una akiba," na ni kweli alikuwa nayo, ya moyo. Hakuna chombo mkononi mwake kilichokuwa kinapima mapaja.

Kuna jingine ambalo nadhani linatuhusu sisi wa pwani kuliko watu wa bara. Mtu anayefanya mazoezi kwenye joto na unyevu kwa wiki mbili au zaidi, mwili wake hubadilika: maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema, moyo hutulia kwa kazi ileile. Mtoe kwenye kaskazi ya Tanga umpeleke kwenye asubuhi kavu na baridi kidogo ya Moshi, atajiona malaika. Fundi alifika kule na injini ya lori, kwenye breki za baiskeli ya kukodi. Na kwa wiki 14 mimi nilikuwa naongeza injini. Tairi la bajaji lilimfundisha kusukuma tu. Hakuna hata dakika moja ya maandalizi yale ambayo paja lake lilizuia uzito kuteremka, kwa sababu Tanga haina mahali pa kuteremka na mimi sikufikiria kupatafuta.

Hili si geni duniani. Marathoni ya Boston inaanzia Hopkinton na kumalizikia karibu mita 140 chini yake, na kilomita za mwanzo ndizo za mteremko mkali. Halafu vilima vya Newton vinakuja, cha mwisho kikiwa karibu kilomita ya 33, na wageni husema kilima ndicho kilichowaua. Watanzania tuna historia ya ajabu na njia ile: Juma Ikangaa alikuwa wa pili mwaka 1988, kwa sekunde moja nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya, akawa wa pili tena 1989, na tena 1990. Gabriel Geay wa pili 2023. Alphonce Simbu wa pili 2025, miezi michache kabla ya kuchukua dhahabu ya dunia Tokyo. Watu wa kiwango kile wana mapaja ya kazi zote mbili. Siwaweki kapu moja na seremala wangu. Nawataja kwa sababu njia wanayoikimbia imepangwa kinyume na wanavyofikiri wengi: mteremko kwanza, bili baadaye.

Nilimwambia Fundi kwamba kosa ni langu. Akanijibu, "Hamna shida Mwalimu, ila mwakani tairi ukavute wewe."

Mwaka uliofuata

Habari njema ya aina hii ya maumivu ni kwamba misuli ina kumbukumbu. Ukiibebesha kazi ya kushuka mara moja, kwa kiasi, ikaumia kidogo na kupona, mara ya pili kazi ileile huiumiza kidogo sana, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Haihitaji kurudiwa kila siku. Inahitaji kufanywa mapema, kidogo, na kuachwa ipone.

Tulianza wiki kumi kabla, kwenye jengo la ghorofa tatu ambako Fundi alikuwa anafunga milango ya makabati ya jikoni. Alipanda anavyotaka na kushuka kwa hesabu, ngazi moja moja, polepole, mara sita, mikono mitupu. Mlinzi alidhani ameibiwa kitu. Kesho yake mapaja yaliuma kidogo, keshokutwa yakaacha.

Kisha tukaenda Amani. Anayetaka mlima wa karibu kutoka Tanga hana haja ya kwenda mbali: unafika Muheza, unashika njia ya Usambara Mashariki, na kwa mchana mmoja umetoka kwenye minazi umeingia msituni. Wajerumani walijenga kituo chao cha utafiti wa mimea pale mwaka 1902 na miti waliyoileta kutoka pande zote za dunia bado imesimama. Sisi tulikwenda kwa shida ya mapaja. Fundi alipanda kwa bodaboda hadi juu, akateremka kwa miguu kuelekea Sigi, kilomita tatu tu, kisha bodaboda ikambeba tena. Njia ni ya udongo, ina kona na mawe. Akina mama waliokuwa wanapandisha kuni walisimama kumtazama. "Kaka, nauli imekuishia?"

Daftari linasema hivi. Jumapili ya kwanza, kilomita 3 za kushuka: maumivu mpaka Jumatano. Baada ya siku 14, kilomita 5: maumivu Jumatatu asubuhi, mchana yameisha. Baada ya siku 14 nyingine, kilomita 8: hakuna. Ile ya mwisho ilikuwa siku 21 kabla ya mbio, na baada ya hapo sikumruhusu kushuka hata ngazi za msikiti kwa haraka.

Namna ya kushuka tulijifunza kwa kaka yake, dereva wa lori aliyeshusha mizigo kwenye mteremko wa Kitonga kwa miaka. Alisema maneno wanayoambiana madereva: shuka kwa gia uliyopandia. Ukimwachia lori ukategemea mguu kwenye breki, breki zinashika moto katikati ya kona. Kwa mkimbiaji gia nzito ni hatua fupi. Hatua ndefu kwenye mteremko maana yake kisigino kinatua mbele kabisa ya mwili, na kila kutua ni breki. Fupisha, ongeza idadi, magoti yalegee, mguu utue chini ya nyonga. Kifua kisirudi nyuma. Woga ndio unaokirudisha. Nikamwambia asahau mapigo ya moyo akiteremka, asikilize kishindo. Miguu ikipiga "pwa, pwa, pwa" kama anaponda mawe, anafunga breki. Inatakiwa itoe sauti ya kandambili za mtu anayewahi swala.

Na amri moja ya mwendo: baada ya kugeuka, kilomita tatu za kwanza asiende chini ya dakika tano, hata apitwe na nani.

Alipitwa na wengi. Mpaka kilomita ya 11 alitumia dakika 63, dakika moja na nusu polepole kuliko mwaka wa kwanza. Kulikuwa na jua mapema. Ya 12 kwa 5:04, ya 13 kwa 5:02, ya 14 kwa 5:01. Hizo tatu zilimpotezea sekunde 76 ukilinganisha na siku aliyojiachia. Halafu ya 17, ya 18 na ya 19 zikaja 5:00, 4:58, 4:56, na hapo akarudisha dakika 6 na sekunde 11. Alimaliza kwa saa 1, dakika 53 na sekunde 30. Lengo la 52 bado halijatimia na alilalamika kwenye simu mpaka salio langu likaisha.

Msomaji mkali ataniuliza: utajuaje ni mteremko wa Amani? Alikuwa na mwaka mmoja zaidi wa mbio, aliijua njia, aliendesha mwendo kwa busara. Ni kweli, na kwa mtu mmoja na mbio mbili siwezi kuyatenganisha. Kukimbia kwa busara peke yake kungeweza kumpa sehemu kubwa ya zile dakika sita. Ninachokisimamia ni mapaja. Jumatatu aliteremka basi Kange kwa uso, mkungu wa ndizi begani, akanipa nibebe. Jumanne alikuwa kazini, anashusha kabati.

Nimeibadilisha ratiba ya kikundi kizima tangu hapo. Yeyote anayekwenda Moshi, Lushoto, au Arusha anapewa Jumapili tatu za kuteremka, ya mwisho ikiwa imebakiza wiki mbili na nusu hadi tatu. Wenye magoti mabovu naanza nao kwenye ngazi na wengine naishia nao hapohapo. Mteremko unamzidishia goti mzigo na si kila mtu wa kikundi chetu ana miaka 43. Tairi limerudi kwa mwenye bajaji.

Limebaki tatizo moja. Safari hii Fundi alirudi na kucha mbili nyeusi, za vidole gumba vya miguu vyote viwili. Kwenye mteremko mguu huteleza mbele ndani ya raba na kidole kinagonga ukuta kila hatua, maelfu ya mara, na raba zake zilikuwa za saizi kamili kama viatu vya Idi. Ilitakiwa kidole kiwe na nafasi ya upana wa kucha mbele, na kamba zifungwe mpaka tundu la mwisho la juu ili kisigino kikae. Hilo nalo sikumwambia. Ametoa notisi kwamba raba mpya, saizi moja juu, ni juu yangu, na Jumamosi tunakwenda mtumbani kuzitafuta.